Suruali ya Baba Kanini Isiyotaka Kuchanika

Nyumba za Wachonga Mawe,
Ruiru.
Jumapili, 14 Septemba 1958

Kwako Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za mtu usiyemjua, lakini ambaye gazeti lako limeingia nyumbani mwake likamharibia Jumamosi zake, na sasa limeanza kula Jumapili. Mimi ni Mbithe, mke wa Musau na mama wa Kanini mwenye miezi kumi na mmoja. Sikusoma sana. Niliachia darasa la tatu kule Ngoliba, kwa hiyo ukikuta herufi imelala vibaya uinyooshe mwenyewe, nami sitakasirika.

Ninaandika kulalamika juu ya suruali.

Bwana wangu ni mchonga mawe hapa machimboni. Kama hujaiona kazi hiyo, ni hivi: mtu hukaa chini kwenye kokoto, mguu wa kushoto ameunyoosha, goti la kulia ameliweka chini, jiwe liko katikati, tindo mkono huu na nyundo mkono huu, na anakaa hivyo tangu kengele ya asubuhi mpaka ya jioni. Kwa hiyo suruali ya mchonga mawe haizeeki kama suruali za watu wengine. Inakufa mahali pawili tu, goti la kulia na makalioni, na sehemu nyingine zote zinabaki nzima zikishangaa.

Mwezi wa tano ulichapisha, katika Ukurasa wa Mfanyakazi, maneno ya mtu anayejiita Bwana Mshauri. Kichwa chake kilikuwa Namna ya Kuchagua Suruali ya Kazi. Niliyakata maneno hayo kwa wembe nikayaweka ndani ya Biblia, kwa sababu wakati ule nilikuwa na hofu. Jirani yetu Philip, naye mchonga mawe, mwaka jana jiwe lilimteleza likampasua mguu kutoka gotini mpaka karibu na kifundo. Alikuwa amevaa kaki iliyofuliwa mpaka unaona ngozi kupitia ndani yake. Mpaka leo anatembea na fimbo, na kazi aliyopewa ni kuhesabu mawe ya wenzake. Basi kila asubuhi Musau alipotoka, mimi nilimtazama magoti kwanza, ndipo uso.

Tukaenda Thika, sisi watatu, tukayashika maneno ya Bwana Mshauri moja moja. Mimi ndiye niliyesoma, nimesimama mlangoni mwa duka, mtoto mgongoni, kipande cha gazeti mkononi. Alisema inua kitambaa kwenye mwanga, na ukiona dirisha kupitia kitambaa, kirudishe. Tukarudisha saba. Alisema sugua kwa kidole gumba, na ukiona unga mweupe, huo ni wanga wa kiwandani wa kukudanganya kwamba kitambaa ni kinene, na ukifua mara moja utabaki na chandarua. Tukarudisha nne nyingine, na mwenye duka akaanza kunitazama kama mtu aliyetumwa na serikali. Alisema geuza ndani nje uone mshono umepita mara mbili. Alisema magoti yawe na kitambaa juu ya kitambaa. Alisema chukua iliyozidi kidogo, kwa sababu ikilowa itarudi. Mwisho alisema, kabla ya kulipa, chuchumaa mara tatu mbele ya mwenye duka bila kuona haya. Musau akachuchumaa mara tatu. Fundi wa cherehani aliyekuwa kibarazani akasimamisha mguu wake, akauliza kama tumekuja kununua suruali au kumfundisha mtu kwata.

Iliyobaki ilikuwa moja tu, ya turubali, rangi ya matope makavu. Mwenye duka alishika mguu mmoja wa suruali, Musau akashika wa pili, wakavutana mpaka kaunta ikasogea. Hakuna uzi uliolia. Nilifurahi siku ile, Ndugu Mhariri. Nisamehe kwa kufurahi.

Sasa malalamiko yangu nayatia namba kama karani, ili usije ukasema nimeyachanganya.

1. Suruali haichaniki. Huu ni mwezi wa nne tangu tuinunue. Goti la kulia limekaa kwenye kokoto siku zote hizo, na limezidi tu kung'aa kidogo kama kiatu. Makalioni ndiyo kabisa. Bwana Mshauri aliandika kwamba itadumu, ni kweli, lakini hakuandika kwamba itadumu namna hii. Mtu akiniambia mvua itanyesha, hanijulishi kwamba nyumba itaelea.

2. Ili uelewe uzito wa namba moja, lazima nikueleze Jumamosi zetu za zamani. Musau alikuwa na suruali moja, ya kaki, ambayo sasa ni matambara ya jikoni. Kaptula yake ya zamani nilikuwa nimeikata nikamfanyia Kanini nepi. Kazi ya Jumamosi inakwisha saa saba, na kila Jumamosi saa saba goti lilikuwa limefunguka. Basi anavua, ananipa, anajifunga blanketi la kijivu, anakaa. Mtu aliyevaa blanketi haendi mahali, Ndugu Mhariri. Wakimwita nje anatoa kichwa peke yake. Mimi natia kiraka, na mkono wangu si wa haraka. Jumapili tukitoka kanisani naifua, anarudi tena kwenye blanketi mpaka ikauke, na mawingu ya Ruiru unayajua. Katika saa hizo alimchukua mtoto mapajani, akampigia kelele za tindo kwa ulimi, mtoto akicheka mpaka anapata kwikwi. Tena alikuwa akinifundisha kusoma, kwa sababu yeye alifika darasa la sita. Nilikuwa nasoma huku nashona, nikikosea neno ananigusa goti na kidole cha mguu. Tulikuwa tumefika ukurasa wa thelathini na moja wa kitabu chake cha shule. Tangu mwezi wa tano tuko ukurasa wa thelathini na moja. Pana habari ya mkulima aliyepoteza ng'ombe, na mpaka leo sijui kama alimpata.

3. Suruali hii haionyeshi uchafu, kwa sababu ilinunuliwa ikiwa na rangi ya uchafu. Nikimwambia nipe niifue, ananiuliza nitafua nini. Nikitazama kweli sioni cha kufua. Lawama hii ni ya Bwana Mshauri peke yake, ndiye aliyesema rangi ya udongo inamfaa mtu wa udongo.

4. Mtu aliyevaa suruali nzima huonekana. Zamani Musau alikuwa anakaa kiti cha nyuma kanisani, ukutani, kwa sababu unazozijua. Sasa anakaa mbele. Aliyekaa mbele akachaguliwa kwenye kamati ya kanisa. Aliye kwenye kamati ya kanisa akaonekana anafaa kuwa katibu wa timu ya mpira ya machimbo, ingawa hajui mpira. Wageni wakija kutazama machimbo, nyapara wetu Boaz humweka yeye mstari wa mbele, kisha husimama kando yake kama aliyeishona. Halafu ukoo wake ukasikia. Wamemwita Ngoliba mara mbili mwezi huu kukaa kwenye mazungumzo ya mahari ya binamu yake, wanasema mbele ya wakwe lazima awepo mtu mwenye suruali ya kuaminika. Mwaitu, mama yangu aliye kule kule, ameniletea salamu kwamba mkwe wake amenawiri sana. Yeye amekaa naye akamtazama. Mimi namwona akila.

Usifikiri nasema bwana wangu ni mtu mbaya. Angekuwa anakunywa ningeandika kwa mchungaji. Hanywi. Anakwenda mahali pazuri tu, na mahali pazuri ni pengi kuliko nilivyojua.

5. Jirani yangu Njambi, ambaye jiko lake na langu limetenganishwa na bati moja, amenipa jina. Ananiita Mke wa Kamati. Jumamosi iliyopita alisikia nambembeleza mtoto peke yangu, akapaza sauti kutoka kwake ati, Mama Kanini, leo umeolewa na mkutano gani? Wanawake wote wa mstari wetu wa nyumba wakacheka, nami nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa kifupi. Cha kusikitisha ni kwamba hatachekelea muda mrefu. Mume wake amekuja kuipapasa ile suruali, akaomba yale maneno ya gazeti, akaenda Thika akachuchumaa. Na wengine watatu wamechuchumaa baada yake. Ugonjwa unaenea, Ndugu Mhariri, na aliyeuleta katika nyumba hizi ni mimi.

Hapa naweka ungamo, silitii namba kwa sababu si lalamiko. Nilijaribu kuisaidia ichanike. Siku moja Musau alikuwa amelala homa, nikaichukua mpaka mtoni nikalisugua goti kwa jiwe tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Jiwe ndilo lililolainika, nimelichukua, sasa nalitumia kusugulia visigino. Siku nyingine niliitundika chini makusudi, mahali anapofika mbuzi wa Njambi. Mbuzi yule alikula mkeka, akala kalenda, akala nusu ya kofia ya Philip. Suruali aliitafuna kitambo kirefu, akaniangalia, akaiacha. Tangu siku ile akiniona anageuka. Naomba haya yabaki kati yako na mimi.

6. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Turubali likishalowa jasho na kuingia vumbi la mawe, linakauka likawa gumu. Musau akiivua, suruali hailali. Inasimama yenyewe pembeni, karibu na mtungi, magoti yamepinda kidogo kama mtu anayetaka kusema jambo. Jumatano jioni Musau alikuja haraka, akaivua, akaenda nyuma ya nyumba kuoga ili arudi kwenye kamati. Mimi nilikuwa nakoroga uji. Kanini akatambaa mpaka pembeni, akajiinua, akaushika mguu wa suruali kwa mikono miwili, akatazama juu kule kwenye mshipi. Akasema, baba.

Ndilo neno lake la kwanza. Nililingoja tangu mwezi wa saba, nilikuwa nimemwambia Musau likija nitamwita hata kama yuko machimboni. Musau akarudi anajikausha, akaivaa, akaondoka. Sikumwambia. Ningemwambia mtoto amemwita nani?

Tangu siku hiyo analisema kila suruali ikisimama. Mwenye suruali akiwa ndani yake, mtoto anamwogopa, kwa sababu inatembea.

Kwa sababu hizo zote naleta maombi matatu kwa heshima.

Kwanza, Bwana Mshauri aandike upya, na maneno yawe makubwa kama ya kwanza, Namna ya Kuchagua Suruali Itakayochanika Jumamosi. Ninaweza kumsaidia. Aseme tafuta ambayo unaona dirisha kupitia kitambaa, na ukiona mtu dirishani ni bora zaidi. Aseme unga mweupe ukiwa mwingi ni dalili njema. Mshono upite mara moja, tena kwa uzi uliochoka. Goti la kulia liwe kitambaa kimoja na tumaini. Mtu asichuchumae dukani, achuchumae kwake.

Pili, kama wenye viwanda hawawezi kuacha kushona vizuri, basi kila suruali ya mtu mwenye mtoto mdogo ipigwe muhuri wa siku ya kuchanika, kama vile maziwa yanavyojulikana siku ya kuganda. Na iwekwe siku ya mwisho wa wiki. Ikichanika Jumatatu haitanisaidia kitu.

Tatu, ikiwa hayo yamekushinda, serikali itoe mtu mmoja mwenye cheo na mkasi. Atapita katika nyumba za wafanyakazi Jumamosi saa nane, kwa adabu, abishe hodi, akate goti la kulia la kila baba atakayemkuta mlangoni anatoka. Hatuhitaji awe amesoma. Hata Philip angeiweza kazi hiyo, na anapajua pa kukata.

Najua utasema, mama huyu si alitaka mwenyewe suruali imara? Nilitaka. Nilitaka goti la Musau lirudi nyumbani zima. Sikujua kwamba linaweza kuwa zima na lisirudi.

Sasa naifunga, kwa sababu mtoto ameamka na nusu ya wino iko shavuni mwake. Nisalimie wote walio ofisini kwako, anayepanga herufi, anayefunga magazeti kwa kamba, na yule anayefagia. Msalimie mke wako, na kama suruali yako ni ya turubali, mwambie nampa pole. Msalimie Bwana Mshauri pia, simchukii, ila naomba anisalimie akiwa ameketi. Njambi anakusalimu kupitia bati. Kanini anakusalimu kwa kidole chake, ndiyo hiyo alama hapo chini, si uchafu.

Ni mimi ninayengoja jibu na suruali mbovu,

Mbithe, mke wa Musau

Nyongeza, Alhamisi.

Ndugu Mhariri, usiichapishe barua hii. Ilikuwa bado iko juu ya kabati inangoja stempu.

Jumanne machimboni walikuwa wanainua jiwe kwa mitaimbo, likateleza. Lilishuka na makali yake kwenye mguu wa kulia wa Musau, mahali pale pale pa Philip. Likakata kitambaa cha juu cha goti, likakata cha chini, likapasua turubali mpaka kwenye pindo. Likaishia hapo. Mguu uliokuwa ndani una mkwaruzo mmoja na goti lililovimba. Alikuja nyumbani kwa miguu yake. Boaz alikuja akimsindikiza, ameshikilia upande uliopasuka usiburute chini, akaniuliza, Mama Kanini, nani aliichagua suruali hii? Nilikaa chini nikaupapasa ule mguu kutoka gotini mpaka kifundoni. Jioni Philip akaja na fimbo yake. Aliupima ule mpasuko kwa vidole, akapandisha kaki yake akalipima kovu, vilikuwa sawa. Aliirudisha suruali kitandani taratibu, kama unavyomlaza mtoto, akaenda.

Kwa hiyo maombi yangu yote matatu nayaondoa, na yule mwenye mkasi akija mstari wetu tutamfukuza. Mwambie Bwana Mshauri naishika mikono yake miwili. Kama anajua duka lenye nyingine kama hiyo aniandikie, hata mbili. Safari hii nitachuchumaa mwenyewe.

Musau ameisoma barua yote. Boaz amemwambia asirudi machimboni mpaka wiki ijayo, basi yuko hapa ndani ya blanketi la kijivu. Amezinyoosha herufi sita. Kwenye mbuzi alicheka mpaka akashika goti. Kwenye namba sita hakucheka, aliniuliza tu kitabu kiko wapi. Mkulima alimpata ng'ombe, alikuwa nyuma ya nyumba wakati wote. Kanini naye alitambaa mpaka pembeni, akakuta mtungi peke yake. Akageuka, akatafuta chumba kizima, akafika kwenye blanketi. Neno ni lile lile.

Suruali iko mapajani mwangu. Turubali ni gumu, sindano ya kwanza imevunjika. Ya pili najua ilipo, lakini nimemwambia bado naitafuta.